Kachero mwanamke Mombasa: namna ya kuandika riwaya ya upelelezi na ufisadi, hatua kwa hatua

Kila wiki napata meseji zinazofanana, mtu ameanza riwaya ya upelelezi, kachero wake ni mwanamke, kesi inagusa watu wazito, sura tatu nne za mwanzo zimetoka vizuri halafu imemkwama. Maswali ni yale yale: bosi amzuie vipi, hongo inatolewaje, polisi wanafanyaje kazi kwa kweli, na huyu dada nimfanye mkali kama mwanamume au vipi. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nikaona bora niandike yote pahali pamoja.

Shika jambo moja kabla hatujaanza, manake ndilo linaloharibu drafti nyingi ninazosoma. Wengi wanamleta jambazi mwenye bastola sura ya pili wanadhani hiyo ndiyo presha. Huku kwetu kachero wako atabanwa na mjomba wake, na mumewe, na mkubwa aliyemfundisha kazi, na bili ya hospitali ya mamake ambayo imelipwa na mtu fulani bila yeye kuulizwa. Presha inakuja na salamu na sahani ya biriani. Bastola iweke mbali kabisa, pengine hutaihitaji.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Madaftari mawili. Moja la kesi, moja la maisha ya kachero nyumbani. Usiyachanganye mwanzoni, utayachanganya ukiandika.
- Katiba ya Kenya ya 2010, ipo ya Kiswahili. Soma kifungu cha 49 na cha 245, ni kurasa chache tu.
- Asubuhi mbili tatu za kukaa mahakamani Mombasa. Kesi nyingi zinasikizwa hadharani, unaingia, unazima simu, unakaa nyuma. Sikiza vile wakili anavyombana polisi juu ya saa iliyoandikwa kwa OB (daftari la matukio la kituo), utapata sura nzima ya bure.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa, kama kuna maiti itakayookotwa majini.
- Mwaka. Hadithi yako ni ya mwaka gani? Kabla ya 2011 hakuna IPOA, ile mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, kwa hivyo mama aliyeuliwa mwanawe na polisi hana pale pa kwenda panapoitwa hivyo. Kabla ya 2013 hakuna gavana. Treni ya SGR, reli mpya ya Mombasa na Nairobi, ilianza kubeba abiria 2017, na 2019 watu waliandamana mjini kwa sababu makontena yalikuwa yanapelekwa Nairobi kwa reli na kazi za malori na magodauni zikapungua. Ukikosea mwaka msomaji wa Changamwe atakushika ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 1: Chagua ufisadi mmoja, uujue hadi mwisho

Usiandike "ufisadi" kama wingu. Chagua kitu kimoja kinachoibwa na ujue kinapita mikono ya nani. Maskwota na shamba lenye hati mbili ni kesi nzuri, sukari ya magendo pia, lakini mimi hupenda kupeana mfano wa kontena kwa sababu kila mtu Mombasa ana ndugu aliyegusa bandari.

Chukua kontena moja lililofika bandari ya Kilindini. Kwa karatasi limeandikwa lina vigae, ndani mna kitu chenye ushuru mkubwa zaidi. Ili litoke, kuna wakala wa forodha anayejaza hati, kuna ofisa wa kukagua, kuna karani wa geti, kuna dereva wa trela, kuna mwenye godauni. Andika hao watano kwa daftari, kila mmoja andika anapata nini na anaogopa nini. Dereva pengine hajui kitu, karani wa geti anajua nusu. Wakala anajua yote, na ndio maana wakala ndiye atakayekufa.

Onyo hapa: usianze na mheshimiwa, yule mkubwa aliye nyuma ya yote. Mheshimiwa anatokea mwisho, na pengine hata haonekani, anasikika tu kwa simu ya mtu mwengine. Ukimtoa mapema hadithi itakuwa imekwisha na we bado una kurasa 200 za kujaza.

Hatua ya 2: Mpe cheo, na ujue cheo hicho kinaweza nini

Tumwite Mishi, mzaliwa wa Likoni, Inspekta kwenye idara ya upelelezi, DCI. Inspekta ni cheo kizuri kwa riwaya kwa sababu ana kesi zake na konstebo wa kutuma, lakini juu yake kuna chifu inspekta, kuna masuprintenda wa ngazi mbalimbali, wote wanaweza kumwita ofisini na kufunga mlango.

Sasa hapa ndipo wengi wanateleza. Kwenye drafti mshukiwa analia, anakiri mbele ya kachero usiku wa manane, kesho yake amefungwa. Haiendi hivyo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inasema kukiri kunakubalika kukifanywa mbele ya jaji, au hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa na sheria ambaye siye anayepeleleza kesi hiyo, na mshukiwa awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kwa hivyo Mishi akipata ukweli wote saa nane usiku, kisheria hana kitu mkononi. Lazima amtafute mkubwa wa kuuchukua tena, na mkubwa aliye karibu ndiye yule aliyemwambia juzi apunguze kasi. Unaona vile sheria yenyewe inakuandikia sura?

Vivyo hivyo na saa 24. Mtu akishikwa lazima afikishwe kortini kabla saa 24 hazijaisha, na zikiishia nje ya masaa ya korti basi ni siku ya korti inayofuata. Ndio sababu Wakenya wote wanajua maana ya kushikwa Ijumaa jioni. Mshukiwa wako akishikwa Ijumaa saa kumi na moja, Mishi ana hadi Jumatatu. Akishikwa Jumanne asubuhi, ana siku moja, na kila simu inayopigwa siku hiyo inamla muda.

Na kitu chengine, kifungu cha 245 kinakataza mtu yeyote kumwelekeza Inspekta Jenerali apeleleze au asipeleleze kosa fulani, isipokuwa kiongozi wa mashtaka ya umma ambaye ana mamlaka yake ya kuagiza uchunguzi. Kwa hivyo amri ya kuua kesi haiandikwi. Hakuna barua. Inakuja kwa mdomo, kwa kikombe cha kahawa, kwa "hii faili niachie mimi wiki hii". Mishi hatakuwa na karatasi ya kuonyesha mtu, na hilo litamuumiza kuliko kupigwa.

Hatua ya 3: Mpe nyumba, njia ya kazini, na deni

Mishi anakaa Likoni na kazi yake iko kisiwani, kila siku anavuka feri. Usiipuuze feri. Kwa miguu kuvuka ni bure, kwa hivyo pale tajiri wa gari anasubiri foleni na maskini anatangulia, na kachero hawezi kukwepa mtu. Mishi amesimama amebanwa na watu mia kadhaa, mzee asiyemjua anamsogelea, anamsalimia kwa jina la mamake, anamwambia watoto wamekua mashallah, wanatoka madrasa saa ngapi siku hizi? Feri inafika, mzee anaondoka. Hajatisha mtu, lakini Mishi hatalala.

Deni liwe dogo na la kweli. Karo, mkopo wa Sacco wa kujenga vyumba viwili, mume ambaye kazi yake iko kwenye kampuni ya malori inayobeba kontena zile zile. Hilo la mume mimi nalipenda sana, manake Mishi akiendelea na kesi mumewe anaachishwa kazi, na hakuna aliyevunja sheria kumwachisha.

Hatua ya 4: Maiti na maji

Wakala anapatikana kwenye mikoko ya mkondo wa Tudor. Fungua jedwali lako. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kila upande, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa Mombasa inapita mita 3, wakati wa maji mafu ni kidogo sana. Kwa hivyo mvuvi akisema aliona mwili juu ya tope saa moja asubuhi, lazima maji yawe yametoka saa hiyo, na wakati wa maji mafu mwili haungepanda juu vile kwenye mizizi. Mishi mtoto wa pwani, atalijua hilo bila kuambiwa, na bosi wake aliyetoka bara hatalijua. Hapo ndipo kesi ya "alikunywa akazama" inaanza kupasuka.

Halafu kuna mazishi. Wakala ni Muislamu, familia inataka kumzika leo hii, kaburi lishachimbwa, na Mishi anataka upasuaji wa maiti ufanywe Hospitali Kuu ya Pwani. Hii ndiyo sura ngumu na tamu kuliko zote utakayoandika, usiikimbie kwa aya mbili. Mama wa marehemu amshike mkono amwambie, mwanangu usinikatie mtoto. Kina mama wote chumbani wanamtazama, yeye mwenyewe amejitanda leso kichwani, anajua dua zote zinazosomwa pale, na bado yeye ndiye atakayesema hapana. Ajue pia kuna mtu ametuma magari na chakula cha msibani tangu alfajiri na anasisitiza kuliko familia yenyewe kwamba maiti asicheleweshwe. Msomaji akijiuliza huyo mtu ana haraka ya nini, umeshamshika.

Hatua ya 5: Panga presha kwa ngazi

Hapa ndipo riwaya ilipo, kaa hapa muda mrefu. Kila ngazi iwe nzito kuliko iliyopita na kila moja imgharimu Mishi kitu kinachoonekana. Anza na salamu. Halafu fadhila asiyoomba. Halafu kazi: anaambiwa dawati la jinsia, linaloshughulikia kesi za dhuluma za kijinsia, linahitaji mtu kama yeye, mama, mwenye huruma, na sauti inayomwambia ni ya upole. Dawati lile ni kazi muhimu sana na wanawake wanaoifanya wanaokoa watu, ndio maana Mishi hawezi kukataa bila kuonekana mbaya. Halafu uvumi, kwamba cheo alikipata kwa kutembea na fulani, na uvumi huo aanze kuusikia kutoka kwa wifi yake. Halafu barua ya uhamisho, Mandera au Lodwar, mbali kaskazini, aripoti kwa siku chache. Vitisho vya wazi viwe vya mwisho, vikitokea.

Hongo nayo ina lugha yake. Hakuna mtu anayesema "chukua hongo hii". Sikiza mjomba wa Mishi, wamekaa barazani baada ya Isha:

"Mishi mwanangu, kazi yaendaje?"

"Alhamdulillahi, mjomba."

"Nyanyako akuulizia. Asema siku hizi huonekani."

"Kazi nyingi mjomba. Ijumaa ntakuja inshallah."

"Njoo. Tena kuna yule kijana wa yule mzee wa Kizingo, we wamjua. Babake ndiye alotusimamia babako alipokufa, hata sanda alitoa yeye."

"Najua, mjomba."

"Basi. Mimi sisemi kitu. Nasema watu wakumbukane."

Hakuna pesa iliyotajwa. Hakuna kesi iliyotajwa. Na mjomba anampenda kweli, hilo lisikutoke, ukimfanya mjomba mwovu umeharibu kila kitu. Hela ikija, itaitwa ya soda, ya mafuta, ya kuwanunulia watoto nguo za Idi.

Ukitaka saa ianze kugonga, tumia Sheria ya Hongo ya 2016, inamtaka afisa wa umma aripoti kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, ndani ya saa 24 akijua au akishuku kuna hongo. Bahasha imewekwa kwenye mkoba wa Mishi harusini saa tatu usiku, anaiona saa tano. Kuanzia hapo saa zinahesabika: zikipita 24 amenyamaza amevunja sheria, akisema anamtaja mtu wa ukoo wake.

Hatua ya 6: Mwache naye achukue kitu

Kachero ambaye hajawahi kukosea hana kazi kwenye riwaya ya ufisadi. Lakini kosa liwe la kawaida. Gari la kituo halina dizeli, familia ya marehemu inaambiwa itoe ya mafuta ndio waende kutazama eneo, Mishi anaipokea kwa sababu bila hiyo hakuna uchunguzi. Watu wetu wengi wameshalipia mafuta ya kuchunguziwa kesi zao wenyewe, na wanaambiwa walipe fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari mtu akiumizwa, ambayo haina malipo, na inaniuma kila nikisikia. Miezi sita baadaye, kortini, wakili wa upande wa pili anamuuliza: Inspekta, je, ulipokea shilingi 2,000 kutoka kwa mjane?

Swali hilo moja lina uzito kuliko risasi 50.

Hatua ya 7: Tumia milango ambayo wanaume hawaingii

Msimfanye Mishi mwanamume aliyevaa buibui, tafadhali. Mwanamke Mombasa anaingia pahali kachero wa kiume hawezi kukanyaga: upande wa kina mama msibani, usiku wa hina, jikoni kwa mke mdogo wa tajiri, kikao cha chama cha kina mama wanaochangiana pesa, Jumapili. Mke wa karani wa geti amechangia chama mara nne ya kawaida mwezi huu, na amevaa dhahabu mpya. Hakuna faili itakayomwambia Mishi hilo, ameliona akila viazi karai na kina mama wenzake.

Lakini ujue lina bei. Akitumia siri ya jikoni kumshika mtu, milango hiyo itafungwa, wanawake watanyamaza akiingia. Andika kile kimya.

Hatua ya 8: Lugha ya kila mtu

Fupi hapa. Mzee wa Mji wa Kale asizungumze kama kijana wa Nairobi. Atasema ndia kwa njia, ndoo kwa njoo, na atazunguka kabla ya kufika kwenye jambo. Mishi akiwa kazini ataitwa afande au madam, nyumbani ni Mishi au mama fulani, na mkubwa anayetaka kumlainisha atamwita dadangu. Kubadilika kwa jina kwenye mdomo wa mtu yule yule ndiyo ishara kwamba kuna kitu kinaombwa.

Na usijaze minazi na majini kila ukurasa. Mombasa ni jasho, foleni ya Makupa, maji ya mfereji yaliyokatika, tuktuk, adhana, harufu ya samaki. Weka kidogo na uendelee.

Ukikwama

*Katikati imelala.* Angalia ngazi ya presha. Mara nyingi umerudia ngazi moja mara tatu, vitisho vya simu, vitisho vya simu, vitisho vya simu. Panda moja juu au mpe Mishi fadhila badala ya tishio.

*Kachero wangu ni malaika, msomaji hampendi.* Rudi hatua ya 6. Au mfanye amwonee mtu mdogo, konstebo wake kwa mfano, siku ile ile yeye ameonewa na mkubwa.

*Ushahidi umekuwa rahisi sana.* Upoteze njiani. Risasi na bunduki zikihitaji wataalamu wa makao makuu, vidhibiti vinasafirishwa hadi Nairobi, karibu kilomita 480. Nani alisaini kuvichukua? Nani alisaini kuvipokea? Kwenye pengo la saini mbili hizo mna sura mbili.

*Naogopa kushtakiwa.* Usichukue kesi ya kweli ukabadilisha jina tu. Vunja vipande kutoka pahali tofauti, badilisha mwaka, mtaa, kazi ya mtu, hata jinsia. Vituo na ofisi za kweli unaweza kuzitaja kama mahali, lakini yule mkubwa mchafu mpe kituo ulichokibuni. Na usiguse msiba wa familia ya watu halisi, wanaishi hapa hapa na watasoma.

*Sijui nimalizeje.* Usilete bosi mwema kutoka Nairobi ashuke na ndege awakamate wote, wasomaji wetu hawaamini na wana sababu. Andika miisho mitatu kwa daftari: kontena linapatikana lakini mheshimiwa haguswi, kesi inatupwa lakini mjane anapata cheti cha kifo kilichoandika ukweli, au hakimu anafungua uchunguzi wa kifo hadharani na kila aliyepiga simu analazimika kusimama kizimbani aulizwe. Chagua ule ambao Mishi ameulipia zaidi kwenye sura zilizopita, halafu rudi nyuma uhakikishe kila malipo yake yanaonekana: kazi ya mume, Ijumaa kwa nyanya, wale kina mama wa chama. Ukimaliza sura tano za kwanza nitumie hizo tano tu, zikiwa zimetaipiwa, na mwanzoni uandike ni mwaka gani.